i7 au i5? Soma Namba Nzima Kabla Hujatoa Hela ya Laptopu

Chuo kilipokaribia kufunguliwa, mama mdogo wangu wa Mbagala alinipigia. "Mwanangu, mdogo wako anakwenda kusoma uhandisi wa programu. Nina laki saba za kikoba. Mpeleke Kariakoo." Hela ya kikoba ni mkopo. Ukikosea kununua, mashine inakufa na marejesho yanaendelea. Tukaenda.

Muuzaji akatoa laptopu mbili za mtumba, bei karibu sawa. "Kaka, chukua hii, ni i7." Dogo macho yakamtoka. Nikamwambia tulia, tusome namba nzima.

Moja ilikuwa i7-7500U, nyingine i5-8250U. Kwa namba za tarakimu nne kama hizi, tarakimu ya kwanza ni kizazi: cha 7 na cha 8. Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopigwa: ile i7 ina viini 2 tu, i5 ina 4. Kiini ni kama fundi. Unapojenga programu kubwa, kompyuta hugawa kazi, na mafundi wanne humaliza mapema. Isitoshe, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia, isipokuwa chache sana, kizazi cha 8.

Pili, RAM. Ichukulie kama meza ya kazi, na diski kama kabati. Meza ikijaa, kila kitu kinarudishwa kabatini na kutolewa tena, ndiyo maana mashine "inaganda". Android Studio pekee inataka angalau GB 8. Ukiwasha na simu ya kuigiza ndani yake, GB 16. Ukipata ya GB 8, uliza kama ina nafasi ya kuongeza. Nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki.

Tatu, diski iwe SSD. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta data. Mradi mmoja wa wavuti unaweza kuwa na maelfu ya mafaili madogo, na mkono lazima uhame huku na huku. SSD haina kitu kinachozunguka.

Nne, betri, maana umeme wetu unajulikana. Usikubali kuambiwa "inakaa masaa manne". Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti. Linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na inaoubeba sasa. Kama ilikuwa 50,000 na leo ni 20,000, imebaki asilimia 40. Hapo ama ushushiwe bei, ama uondoke.

Tulichukua i5: RAM GB 8 yenye nafasi ya pili wazi, SSD ya GB 256, betri iliyochoka kidogo. Mama mdogo hakuuliza habari za vizazi. Aliuliza, "Itamfikisha mwaka wa mwisho?"

Nikamjibu itamfikisha. RAM tutaongeza boom likitoka, betri tutabadilisha ikichoka kabisa. Prosesa ya laptopu kama hii imechomelewa, ndiyo maana tulianza nayo. Na wewe ukienda dukani, anza nayo.