Kuliuliza ganda kwa lugha lisiyoijua

“MJOMBA, hii kitu imegoma! Kwangu inafanya poa, kwa beshte yangu inakufa.” Ndivyo mpwa wangu alivyonijia majuzi nikiwa nyumbani Kipkelion, tarakilishi mkononi. Yeye na mwenzake wanaunda programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na alikuwa karibu kumwambia mwenzake atafute mashine nyingine.

Kwanza istilahi. Programu inayopokea amri tunazoandika na kuzitekeleza, wapo wanaoiita sheli. Neno hilo silipendi, maana kwa wengi, hasa Tanzania, sheli ni kituo cha petroli. Nitaiita ganda.

Maganda ni mengi. Bash lina msamiati mpana. Dash ni jepesi na halijui safu. Tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, Ubuntu hutumia dash kuendesha skripti za kawaida. Skripti ya mpwa wangu ilikuwa na adabu: kabla ya kutumia safu, iliuliza kama ganda linazijua. Tatizo ni kwamba swali lenyewe liliandikwa kwa safu! Dash lilipofika kwenye mabano likalalamikia sarufi, kazi yote ikakatika. Ni kama mtahini anayekuuliza kwa Kifaransa kama unajua Kifaransa, kisha anasubiri useme hapana.

“Basi niulize jina, kama si Bash nikatae,” akasema. Nikamkatalia. Zsh nalo linajua safu ingawa jina si hilo. Hata stesheni yetu hapa zamani iliitwa Lumbwa. Jina lilibadilika, reli ni ileile.

Dawa ilikuwa alama za mtajo. Twasema “nyani ana mkia”, lakini “‘nyani’ lina silabi mbili”. Upatanisho umebadilika kwa sababu hapo pili tunalitaja neno, hatumtaji mnyama. Vivyo hivyo, jaribio likiwa ndani ya alama za mtajo, dash huliona kama maandishi tu, halichambui sarufi yake. Kisha amri ya eval hulitekeleza, yote yakiwa ndani ya mabano ya duara yanayozaa ganda dogo la pembeni. Kosa likitokea, hufa mtoto; mzazi hupokea namba. Sifuri ni ndiyo, nyingine yoyote ni hapana.

Jioni ile mwenzake alipiga simu: imejengeka. Kwenye dash skripti ilipita njia ya pili, ya maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi. Nilipochungulia maelezo ya mpwa wangu juu ya mstari ule, nikakuta ameandika “sheli”.