Tuzo za filamu zimewahi kuwa na kundi la Kiswahili. Busia na Tororo zinangoja nini?

BUSIA – Tangu 2013, waigizaji na watayarishaji wa filamu kutoka sehemu mbalimbali za Afrika hukutana Lagos, Nigeria, kupokea tuzo za Africa Magic Viewers' Choice Awards, maarufu kama AMVCA. Sherehe hiyo huandaliwa na kampuni ya MultiChoice na kurushwa kupitia ving'amuzi vya DStv na GOtv, hivyo mkazi wa Tororo na jirani yake wa Busia, Kenya, huitazama kwa wakati mmoja.

Kwa watu wa mpakani, usiku huo una ladha yake. Washindani wa Uganda, Kenya na Tanzania hutiwa kapu moja kama wana Afrika Mashariki. Zaidi ya hapo, waandaaji waliwahi kuwa na tuzo ya pekee kwa filamu na tamthilia za Kiswahili, lugha ambayo mama muuza samaki wa Sofia na dereva wa lori la Malaba huitumia kila siku kupata riziki.

Swali ni moja: kwa nini tuzo hiyo tuliitazama tu bila kuishindania?

Waliokwisha kupanda jukwaani

Afrika Mashariki si mgeni katika tuzo hizo. Katika awamu ya kwanza, 2013, Matthew Nabwiso wa Uganda alitwaa tuzo ya mwigizaji msaidizi bora kupitia filamu ya A Good Catholic Girl. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Tanzania. Elizabeth Michael, anayejulikana kama Lulu, alishinda filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu, naye Single Mtambalike, au Richie, akachukua tuzo ya Kiswahili kwa Kitendawili.

Mwaka 2018, tuzo ya Afrika Mashariki ilikuja Uganda kupitia Devil's Chest ya Hassan Mageye. Mwaka 2020 ilivuka mpaka na kwenda Kenya kwa filamu ya Plan B ya Sarah Hassan, ambaye watazamaji wengi walimfahamu kwanza katika tamthilia ya Tahidi High. Mwaka 2023, Loukman Ali wa Uganda alitangazwa mwongozaji bora kwa filamu ya Kinigeria ya Brotherhood.

Washindi hao wa Uganda wanathibitisha kwamba vipaji tunavyo. Hata hivyo, wote watatu waliingia kwa milango mingine. Mlango wa Kiswahili, ulio karibu zaidi na nyumba zetu za mpakani, bado hatujaupita.

Lafudhi yetu ina wapenzi

Wapo wanaosema Kiswahili cha mpakani si sanifu, hivyo hakifai kwenye runinga. Jibu lao ni marehemu Charles Bukeko.

Mwana huyo wa Kaunti ya Busia aliigiza katika Papa Shirandula, kipindi cha vichekesho cha Citizen TV kilichodumu kwa zaidi ya miaka 10. Alikuwa mlinzi wa mlangoni jijini Nairobi aliyemficha mkewe kazi yake, mke akidhani mumewe ni bosi wa ofisi kubwa. Bukeko hakuificha lafudhi yake ya Kiluhya, bali aliifanya kuwa mtaji. Alipofariki Julai 2020 na kuzikwa nyumbani kwao Busia, waliomlilia hawakuwa wa kabila moja.

Lafudhi ile haijui mpaka. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo. Jopadhola wa Tororo wana lugha iliyo jirani na Kijaluo cha Kenya. Wote hao wakikutana sokoni, Kiswahili ndicho huwapatanisha kwenye bei.

Kura mbili ni bora kuliko moja

Katika AMVCA, washindi wa baadhi ya makundi huamuliwa na jopo la majaji, na wengine kwa kura za watazamaji. Kwenye kura, idadi ya watu ni silaha. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200. Sensa ya Uganda ya 2024 ilihesabu takriban milioni 45.9, na ile ya Kenya ya 2019 ilipata milioni 47.6. Kila nchi ikishabikia wake peke yake, tutaendelea kupigia wengine makofi. Filamu yenye waigizaji wa Busia zote mbili ingekuwa na wapiga kura Kampala na Nairobi pia.

Hadithi hazikosekani. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi Malaba na Busia yakisubiri madereva wapimwe. Wapo wafanyabiashara wadogo wanaopita njia za panya, na wapo wanandoa ambao mmoja ana kitambulisho cha Kenya na mwingine cha Uganda.

Kamera isimame mara moja

Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua Kituo cha Pamoja cha Mpaka hapa Busia Februari 2018. Tangu hapo, msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Lakini mtengeneza filamu anayetaka kupiga picha pande zote mbili hukabili mamlaka mbili, kila moja na taratibu zake za vibali. Kwa kijana mwenye kamera ya kuazima, gharama hiyo yatosha kuua wazo kabla halijazaliwa.

Hapa ndipo viongozi wa Jumuiya wanaweza kusaidia kwa jambo dogo lenye faida: kibali kimoja cha kupiga filamu katika wilaya na kaunti za mpakani.

Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo utazaa matunda mapema zaidi iwapo wanafunzi wa Tororo wataandika michezo ya kuigiza kwa lugha hiyo, badala ya kuikariri kwa ajili ya mtihani tu. Atakayeandika mchezo wa shule leo ndiye atakayeandika tamthilia kesho.