Silinda Moja Yenye Kiu Huua Mashine Nzima

Ndugu msomaji, upandapo boti ya mashine pamoja na watoto wako, macho yako huyatazama mawimbi. Ni nadra kuikumbuka kabureta. Hata hivyo, usalama wa safari waweza kutegemea kitundu chenye upana wa milimita moja hivi.

Kitundu hicho huitwa jeti. Hewa ipitapo katika koo jembamba la kabureta, mwendo wake huongezeka na shinikizo lake hupungua. Ndipo petroli hufyonzwa kupitia jeti na kuchanganyika nayo. Ili kuungua barabara, kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa.

Mashine ya silinda tatu mara nyingi huwa na kabureta tatu, kila moja ikilisha silinda yake. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Petroli iliyolala miezi mingi huacha utando unaonata. Ukiziba nusu ya jeti moja, silinda mbili huendelea kusukuma, na nahodha huona tu kwamba mwendo umepungua kidogo. Lakini katika mashine zitumiazo petroli iliyochanganywa na oili, silinda ya tatu imenyimwa vyote viwili. Huchemka, pistoni hung'ang'ania ukuta wake, na mashine hunyamaza katikati ya mkondo.

Wapo wanaozibua jeti kwa waya. Waya hupanua kitundu, na silinda iliyokuwa na kiu sasa hufurika. Wapo wanaong'oa kifuniko cha hewa ili mashine ipumue. Hewa huzidi, jeti ni zile zile, na kiu huongezeka. Wengine huzirudisha jeti ovyo, ilhali katika baadhi ya mashine ukubwa wake hutofautiana, kwa kuwa hewa haizifikii silinda zote sawasawa.

Wewe mwenye boti, fungua plagi zote na uzilinganishe. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe yaonya juu ya kiu na joto. Nyeusi yenye unyevu ni dalili ya mafuta kuzidi. Kabla ya kuiweka mashine kwa muda mrefu, mwaga petroli iliyobaki katika kabureta. Fundi naye azisafishe zote, si moja, na ahakikishe kuwa milango yake ya hewa inafunguka kwa pamoja.

Mama mwenye watoto watatu hapimi shibe ya nyumba kwa kumtazama aliyekula sana. Kusafisha kabureta tatu ni rahisi kuliko kununua pistoni moja. Na pistoni, ndugu msomaji, hununuliwa. Uhai haununuliwi.