Mgogoro, si mfululizo wa visa, ndio unaosuka riwaya

Mwanafunzi akitakiwa kueleza msuko wa riwaya, aghalabu husimulia hadithi nzima: kilitokea hiki, kisha kikatokea kile. Huo ni muhtasari. Msuko ni namna matukio yanavyozaana, hili likiwa sababu ya lile, na kinachoyazalisha ni mgogoro.

Mgogoro nao si ugomvi tu. Ni mvutano wa matakwa yasiyoweza kutimia pamoja, uwe baina ya mtu na mwenzake, mtu na jamii yake au mtu na nafsi yake.

Mfano mzuri ni Rosa Mistika, riwaya ya marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971, na ambayo wakati mmoja ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania.

Rosa analelewa kisiwani Ukerewe na Zakaria, baba mlevi anayemchunga kwa kipigo asihusiane na wavulana. Hapo mgogoro ni wa binti na mzazi. Rosa anapokwenda masomoni, baba hayupo tena, lakini mgogoro haukwishi bali unahamia nafsini mwake. Aliyefunzwa kuogopa tu, wala si kujiongoza, anapata uhuru asioujua matumizi yake, na chuoni Morogoro anajitosa katika anasa. Anapojirudi, jamii haisahau. Charles, mchumba wake, anamkataa kwa sababu ya maisha yake ya awali. Hicho ndicho kilele. Rosa anajiua.

Ondoa ukali wa Zakaria, na anguko la chuoni linakosa chanzo. Ondoa anguko hilo, na Charles hana sababu ya kumkataa mchumba wake. Hiki ndicho kipimo cha msuko: tukio likiondolewa na hadithi isitikisike, basi halikuwa nguzo yake.

Dhima za wahusika pia hupimwa kwa mgogoro, wala si kwa wingi wa kurasa. Rosa ni mhusika mkuu, tena mviringo, maadamu anabadilika. Zakaria ni mpinzani wake, na nguvu yake inaendelea kutenda hata akiwa mbali. Charles haonekani sana, ilhali ndiye anayeufikisha mgogoro kileleni.

Tofauti hii si ya kutafutia alama za mtihani pekee. Msomaji wa muhtasari atamhukumu Rosa kuwa binti mpotovu, afunge kitabu. Anayefuata msuko ataona kwamba safari ya kaburini ilianzia sebuleni kwa babake. Wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi. Zakaria alikunja hadi akavunja.

Kwa hivyo, unaposoma riwaya yoyote, jiulize: nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, na mvutano huo unazaa tukio gani? Ukipata majibu, msuko umeushika.