Mzigo Wenye Hati Yake: Namna ya Kurahisisha Upachikaji wa Modi katika Michezo ya Kompyuta

Kijana wa Dar es Salaam achezaye Bus Simulator Indonesia katika simu yake hukutana na mabasi ya Indonesia, kwa kuwa mchezo huo ulitungwa huko na kampuni ya Maleo na kutolewa mwaka 2017. Akitaka kuendesha basi lifananalo na yale yaendayo Mbeya au Mwanza, hana budi kutafuta nyongeza iliyobuniwa na mchezaji mwenziwe. Nyongeza ya namna hiyo, ibadiliyo sehemu ya mchezo bila kuuandika mchezo mzima upya, huitwa modi. Kuibuni ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini hata ikiwa nzuri namna gani, haina faida ikiwa wachezaji wengi hushindwa kuipachika.

Ugumu watoka wapi? Programu ya mchezo hutafuta kila kitu mahali maalumu katika hifadhi ya simu. Kwa muda mrefu modi za mabasi zilipachikwa kwa mkono: mchezaji alifungua faili lililobanwa, kisha akalinakili katika folda iitwayo Mods, iliyokuwa ndani ya folda ya mchezo. Alipokosea folda moja tu, mchezo haukuona kitu. Mwaka 2020 toleo la 11 la Android likazidi kufunga milango, na programu moja ikazuiwa kuingia katika folda za ndani za programu nyingine. Hatua hiyo ililinda siri za watumiaji, nasi twaiona ya haki, ila maelekezo mengi ya zamani yalipoteza maana. Si ajabu basi kwamba mtu huona heri kumpelekea fundi simu wa Kariakoo kadi yake ya kumbukumbu kuliko kuteketeza bando kwa kujaribu tena na tena.

Njia bora ni kumwondolea mchezaji kazi ya kujua mahali, na kuikabidhi programu yenyewe. Mfano wa zamani ni Doom, mchezo uliotolewa mwaka 1993 na kampuni ya id Software ya Marekani. Watunzi wake waliitenga programu iendeshayo mchezo na vitu vyake: ramani, picha na sauti viliwekwa katika faili moja la aina ya WAD. Baiti 12 za mwanzo za faili hilo hutaja aina yake, idadi ya vitu vilivyomo, na mahali orodha yake ilipo. Katika orodha hiyo kila kitu kina baiti 16: 4 za mahali kilipo, 4 za ukubwa wake, na 8 za jina. Mchezaji akipakia faili la pili lenye ramani ya jina lile lile, mchezo hushika ile iliyokuja mwisho. Faili la asili haliguswi. Likiondolewa lile la pili, mchezo warudi ulivyokuwa.

Kariakoo, ambayo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, yaelewa jambo hili vyema. Mfanyabiashara apelekaye bidhaa mkoani huandika juu ya furushi jina la mpokeaji na mji aendao. Mchukuzi hahitaji kulifungua ili ajue pa kulipeleka. Modi za Minecraft za faili aina ya mcpack hufuata kanuni hiyo hiyo. Ndani yake mna hati iitwayo manifest.json, itajayo jina la modi, toleo lake, toleo la chini kabisa la mchezo ambalo modi iliandikiwa, na namba ya utambulisho yenye biti 128. Mchezaji hugusa faili mara moja. Mchezo hufunguka, husoma hati, na kuweka kila kitu mahali pake.

Iko njia nyingine ionekanayo rahisi zaidi, nayo ni kumpa mtu mchezo mzima uliokwisha kubadilishwa. Hapo pana hatari. Kila programu ya Android hubeba saini ya kidijitali ya mtunzi wake, na atakayeibadili hulazimika kutia saini yake mwenyewe. Simu hukataa kuweka programu ya saini ngeni juu ya ile ya kwanza; mchezaji huambiwa aifute kwanza, na hatua zote alizofikia, kama zilihifadhiwa ndani ya simu tu, hupotea. Isitoshe, aliyeweza kutia basi jipya aliweza pia kutia amri za kupeleleza ujumbe, na aghalabu simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa za nyumbani. Modi ya picha na maumbo matupu haina amri za kutekelezwa, hivyo hatari yake ni ndogo zaidi.

Mwalimu mwenye kompyuta moja darasani aweza kuyaonyesha haya. Nakili faili la mcpack, badili mwisho wa jina la nakala liwe zip, kisha lifungue: wanafunzi wataiona hati na kuisoma kwa macho. Halafu futa koma moja kati ya vipengele viwili vya hati, libane faili tena, ulirudishie jina lake, na ujaribu kulipachika. Mchezo utalikataa.