Tafuta Mshono Kwanza

Tukisimuliwa habari za mnyama wa ajabu, wengi wetu hucheka tu. Mwaka 1842 Bwana Barnum wa New York, Marekani, alionyesha watu “nguva”. Walilipa, wakaingia, wakatazama. Kumbe ni kitu cha kutengenezwa: juu mfano wa kima, chini samaki!

Lakini mwaka 1799, huko Uingereza, Dr. George Shaw alipewa ngozi ya mnyama wa Australia, mwenye miguu minne na mdomo kama wa bata. Alishuku ni mzaha, akachunguza sana, akaona mdomo ni wa kweli. Mnyama huyo, platipasi, yupo hata leo. Hutaga mayai na kunyonyesha watoto.

Basi, wanafunzi wenzangu, tusiamini upesi, wala tusicheke upesi. Tutafute mshono kwanza.