Ada ya Tambudzai Inalipwa na Nani?

Riwaya zinazosimulia elimu katika maeneo ya umaskini zina mtego wake. Mwandishi anaweza kututoa machozi kwa mtoto anayekwenda shule pekupeku, tukafunga kitabu tukijiona watu wema. Huruma ya namna hiyo haijafika kwenye utu. Kazi yenye utu hutuonyesha ni nani aliyenyimwa ili mtoto mwingine apate dawati.

Tuitazame Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga, iliyotoka mwaka 1988. Tuko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, miaka ya 1960. Ada iliyopo nyumbani inamtosha mtoto mmoja tu, naye ni Nhamo, kwa kuwa ni mvulana. Dada yake, Tambudzai, anaachishwa shule. Binti hakubali. Anaomba mbegu, anafufua shamba alilokuwa akilima bibi yake marehemu, na kulipalilia bila kuacha kazi za nyumbani. Mahindi yanapobeba, yanaanza kupotea. Mwizi ni kaka yake mwenyewe, anayewagawia wenzake. Wengi tumezoea kusoma kwamba dhiki huwaunganisha ndugu. Dangarembga hasemi hivyo. Kwake, dhiki imewafanya ndugu hawa wagombee nafasi moja, na ndiyo maana riwaya inaanza kwa msichana asiyemlilia kaka yake aliyekufa. Kifo hicho ndicho kilichompa yeye nafasi katika shule ya misheni.

Kabla ya hapo, mwalimu Matimba anampeleka Tambudzai mjini Umtali kuuza mahindi mabichi. Mama wa Kizungu anamjia juu mwalimu akidhani anamtumikisha mtoto. Mwalimu anajitetea kwa kisa kilichotiwa chumvi, na mama yule anatoa pauni 10. Ada imepatikana, lakini mwenye mahindi hajui Kiingereza. Habari zake zinasemwa mbele yake naye haelewi. Msaada unatolewa kwa mtoto wa kufikirika, wakati mtoto halisi, aliyelima kwa mikono yake, amesimama pale pale. Kwangu mimi, hakuna ukurasa unaoeleza misaada vizuri kuliko huo. Utu wa kweli katika tukio lile ni wa mwalimu, aliyeiona juhudi ya mwanafunzi wake akaitafutia soko.

Andrea Hirata wa Indonesia naye, katika Laskar Pelangi ya mwaka 2005, anatupeleka kisiwa cha Belitung, chenye utajiri wa bati na shule ya kijiji inayokaribia kuanguka. Shule itafungwa wasipopatikana wanafunzi 10, na anayekamilisha idadi ni Harun, kijana mwenye ulemavu wa akili. Lakini Lintang, mtoto wa mvuvi na kipanga wa darasa, analazimika kuacha masomo baba yake anapofariki, kwa kuwa nyumbani kuna midomo ya kulishwa. Hirata angeweza kumletea mfadhili. Hakufanya hivyo, na alifanya vyema.

Walimu wa fasihi, mnaposoma hadithi za aina hii na wanafunzi, msiishie kwa shujaa aliyefaulu. Waulizeni alibaki nani nyumbani, na kwa nini awe yeye.